Nguvu ya Injini Inapokuja na Kuondoka

Miongoni mwa hitilafu zinazolipata gari la zamani, hakuna inayowatesa mwenye gari na fundi wake kwa pamoja kama ile ya injini kupungukiwa nguvu kwa vipindi, yaani gari kwenda vizuri kwa saa nzima, kisha kwa ghafla au polepole likaanza kuzorota, likakataa kuitikia pedeli ya mafuta, na baada ya kupumzishwa kidogo likarejea katika hali yake ya kawaida kana kwamba halikuwa na lolote. Hitilafu ya kudumu, hata ikiwa kubwa, humngoja fundi, kwa kuwa plagi iliyokufa barabarani itakutwa imekufa vilevile gari litakapofikishwa gereji. Hitilafu ya vipindi haingoji. Gari hufika likiwa zima, vipimo vyote husoma sawasawa, na fundi anayetakiwa kusema neno hulazimika kukisia. Makisio hayo ndiyo chanzo cha gharama: hununuliwa plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, kisha kontroli boksi ya mtumba, na kila kifaa kinapofungwa gari hutulia siku mbili tatu, mwenye gari akaamini limepona, ilhali ni tabia ya hitilafu yenyewe kutulia na kurudi.

Hata hivyo, kuja na kuondoka huko hakutokei ovyo. Kila hitilafu ya vipindi ina masharti yake, nayo huwa ni joto, unyevu, mzigo, kiasi cha mafuta kilichomo tangini, au mtikisiko wa barabara, na hujitokeza masharti hayo yanapotimia. Kwa hiyo swali la kwanza la uchunguzi ni lini nguvu hupotea, na swali la kifaa kipi kimeharibika huja baadaye. Mwenye gari anayeandika kwenye daftari saa, umbali aliokwisha kwenda, hali ya hewa, mlima au tambarare, na tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani, humpa fundi msaada mkubwa kuliko anayefika na neno moja tu kwamba gari linakosa nguvu.

Mfano unaofaa kuutegemea katika maelezo haya ni injini ya Toyota ya aina ya 5A-FE, yenye ujazo wa lita 1.5 na valvu 16, iliyofungwa katika Corolla za miaka ya 1990, magari ambayo yaliingia Afrika Mashariki kwa wingi yakiwa mitumba kutoka Japani na ambayo bado yanaonekana kila mji. Injini hiyo imesimama kati ya zama mbili: mafuta yake hupulizwa na nozeli zinazoamriwa na kompyuta, lakini cheche zake bado hugawanywa na distribyuta, kwa hiyo ndani yake hukutana karibu hitilafu zote za magari ya zamani na nyingi za magari ya sasa.

Injini yoyote ya petroli hudai mambo manne ili itoe nguvu: hewa ya kutosha, petroli kwa kipimo chake, cheche kali inayopigwa kwa wakati wake, na mgandamizo mzuri ndani ya silinda. Kipimo cha mchanganyiko unaoungua kikamilifu ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, na hewa ikizidi mno kiwango hicho, mwako hudhoofika. Katika hayo manne, mgandamizo ndio usiokuja na kuondoka kwa urahisi, kwa sababu pete za pistoni zilizolika hazirudi kuwa nzima baada ya kupumzika dakika kumi. Gari linalopona lenyewe humlazimisha fundi atazame kwanza mafuta na cheche, kisha njia ya moshi, kisha hewa na mifumo inayoviongoza vyote hivyo.

Kabla ya kufungua boneti, ni lazima ihakikishwe kwamba nguvu inapotea ndani ya injini kweli. Klachi iliyolika huteleza mlimani, na dalili yake ni mizunguko ya injini kupanda huku mwendo ukibaki palepale au ukishuka. Giaboksi ya otomatiki iliyochoka hufanya hivyohivyo mafuta yake yanapopata moto. Breki inayong'ang'ania hulivuta gari nyuma, na rimu ya gurudumu lake hukutwa imewaka joto kupita za magurudumu mengine. Vilevile mwinuko wa nchi una sehemu yake: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa imeshuka hadi karibu na asilimia 80 ya ile ya Mombasa, na injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu karibu kwa kadiri hiyohiyo. Upungufu huo ni wa kudumu kwa muda wote gari liwapo huko juu, wala hauondoki kwa kupumzisha gari, na hivyo ni kosa kuutafutia sapea.

Namna nguvu inavyopotea ni ushahidi wa kwanza. Umeme hukatika kwa ghafla: gari linavuta vizuri, mara linazima au linashtuka, kisha linashika tena, na mshale wa mizunguko kwenye dashibodi wakati mwingine huanguka hadi sifuri papo hapo ingawa magurudumu bado yanaizungusha injini, jambo linaloonyesha kwamba alama ya umeme ya mfumo wa cheche imekatika. Upungufu wa mafuta huja kwa ulegevu. Gari hulemewa kidogo kidogo, huyumbayumba kama linalosukumwa na kuachwa, na dereva anapopunguza kukanyaga hupata nafuu, kwa kuwa mahitaji yameshuka hadi kiwango ambacho pampu bado inakimudu. Moshi uliozibwa njia hulifanya gari liwe zito katika mizunguko ya juu tu, bila kushtuka wala kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka. Mipaka kati ya dalili hizi si ya ukuta, lakini fundi anayeanza nayo hupunguza nusu ya kazi.

Upande wa mafuta ndio wenye mengi. Petroli huvutwa na pampu ya umeme iliyozamishwa tangini, hupita kwanza katika chujio la wavu lililo mdomoni mwa pampu, husukumwa hadi chujio la pili lililoko kwenye bomba, hufika kwenye reli ya nozeli, na inayozidi hurudishwa tangini na kidhibiti presha. Katika injini ya mfano, presha kwenye reli inapaswa kuwa takriban kilopaskali 265 hadi 304 mpira wa vakyumu wa kidhibiti ukiwa umechomolewa, na hushuka hadi kati ya 206 na 255 mpira huo ukirudishwa injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kosa linalofanywa na wengi ni kuipima presha katika sailensa pekee na kuridhika. Injini ya ukubwa huo ikiwa sailensa hutumia petroli isiyozidi lita 1 hivi kwa saa, ilhali ikipanda mlima huku pedeli imekanyagwa hadi chini huhitaji zaidi ya lita 20 kwa saa, na hivyo pampu iliyochoka au chujio lililoziba nusu vitapita mtihani wa gereji na kuanguka katika mlima wa Kitonga, kwenye barabara ya Iringa. Kipimo cha kweli ni kile kinachosomwa gari likiwa na mzigo, geji ikiwa imeunganishwa kwa mpira mrefu unaofaa petroli na kufungwa nje ya kioo cha mbele, ili anayesoma asiwe dereva bali mwenzake aliyeketi kando, na ili petroli isipate kwa vyovyote nafasi ya kuvuja ndani ya gari au juu ya ekzosi ya moto.

Pampu hupoozwa na petroli inayoizunguka, kwa hiyo mazoea ya kutembea siku zote taa ya mafuta ikiwa inawaka huifupishia maisha. Mota yake ina vipande vya kaboni vinavyolika, na inapopata joto upinzani wa nyaya zake huongezeka, kasi hupungua na presha hushuka; ikipoa, hurudia kazi. Lakini kabla ya kuilaumu pampu yapasa kupimwa umeme unaoifikia. Gari linalochaji vizuri hutoa takriban volti 13.5 hadi 14.5 kwenye betri, na ikiwa pampu inapata volti 11 tu, basi volti zilizopungua zinaliwa njiani na relei yenye solda iliyopasuka, soketi iliyoungua, au waya wa asi (unaorudisha umeme kwenye bodi) ulioota kutu, na pampu mpya itakayofungwa itazorota kama ile ya kwanza. Miji ya pwani, ambako hewa ina chumvi, huharibu viungo vya asi mapema zaidi, na kusafisha kiungo kimoja kwa msasa ni kazi ya dakika chache isiyogharimu karibu chochote.

Tangi nalo lina hila mbili. Ya kwanza ni kifuniko: petroli inapotoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, na njia ya hewa ikiziba, vakyumu huongezeka tangini hadi pampu ikashindwa kuvuta. Gari likizorota, dereva akasimama mahali salama na kufungua kifuniko, akasikia hewa ikiingia kwa nguvu na gari likapona palepale, sababu imekwisha kujulikana bila kufungua nati hata moja. Ya pili ni uchafu. Kutu, vumbi na vipande vya mpira uliochakaa hufyonzwa na kugandia kwenye wavu wa pampu kila gari linapokwenda kasi, na injini inapozimwa mvuto hukoma, uchafu huachia na kuzama tena, hata gari likawaka vizuri kwa kilomita kadhaa nyingine. Chujio jipya kwenye bomba halisaidii hapo, kwa kuwa kizuizi kiko kabla yake.

Ubora wa petroli yenyewe hauwezi kupuuzwa katika nchi ambazo uchakachuaji umekuwa tatizo la kitaifa. Nchini Tanzania, mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kubaini yaliyochanganywa, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili faida ya kuyachanganya na mafuta mengine iondoke. Mafuta ya taa yakiingia katika petroli hupunguza uwezo wake wa kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati, na injini hugonga na kulegea ikipewa mzigo. Maji, kwa upande wake, hukaa chini kwa sababu ni mazito kuliko petroli, na huifikia injini mafuta yanapokaribia kuisha tangini au barabara inapolitikisa tangi. Hitilafu iliyoanza siku ileile ya kujaza mafuta katika kituo kisicho cha kawaida huchunguzwa kwa kutoa kiasi kidogo cha mafuta kwenye chupa safi ya kioo na kuyaacha yatulie.

Magari yaliyotangulia zama za nozeli, kama Peugeot 504 ya kaburata au Datsun 1200, yana tatizo jingine la joto. Pampu yao imefungwa kwenye injini na huivuta petroli kwa mfyonzo, na bomba likipata joto kali foleni ya mchana petroli huanza kuchemka ndani yake, mvuke ukajaa mahali pa mafuta na kaburata ikakauka. Katika mifumo ya nozeli, presha kubwa na mafuta yanayorudishwa tangini bila kukoma huizuia hali hiyo kwa kiasi kikubwa, na kwa hiyo haipaswi kuwa jibu la kwanza kwa kila Corolla inayozimika juani.

Cheche hudai uangalifu wa aina yake. Koili huchukua volti 12 za betri na kuzigeuza kuwa makumi ya maelfu ya volti, na kadiri mchanganyiko unavyobanwa zaidi ndani ya silinda ndivyo volti zinazohitajika kuruka mwanya wa plagi zinavyoongezeka. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini koili dhaifu, waya wa plagi uliochoka, au plagi ambayo mwanya wake umepanuka kwa kuliwa, hufanya kazi bila lawama kwenye tambarare na kumisi mara tu dereva anapokanyaga kupanda mlima. Waya wa plagi wa Toyota za wakati huo haupaswi kuzidi kilo-omu 25 unapopimwa kwa mita, na kipimo hicho kisomwe waya ukipindwapindwa polepole, kwa kuwa mkatiko wa ndani huonekana katika mkao mmoja na kufichika katika mwingine. Wakati wa masika, nyufa nyembamba za kepu ya distribyuta hubeba unyevu na kuipeleka cheche pasipotakiwa. Boneti ikifunguliwa usiku penye giza, injini ikinyunyiziwa maji mepesi kama ukungu, cheche hizo huonekana kwa macho zikitambaa juu ya plastiki. Mkono usiguse kitu chochote cha mfumo huo injini ikiwa inazunguka.

Joto ndilo adui mkubwa wa koili na wa kifaa kinachoiamuru, ambacho mafundi hukiita igniter. Waya mwembamba wa ndani ukiwa na ufa usioonekana, shaba hutanuka kwa joto na ufa hufunguka, mkondo ukakatika, na baada ya robo saa shaba hupoa, ufa hufunga na gari huwaka. Sensa iliyomo ndani ya distribyuta, inayoiambia kompyuta mahali ilipofika injini katika mzunguko wake, hufa na kufufuka kwa sababu hiyohiyo. Hapa uchunguzi hufika kwenye ugumu wake hasa, kwa maana pampu iliyopata moto, wavu wenye uchafu, petroli inayochemka na koili yenye ufa vyote hutoa hadithi moja ya gari linalozima, likapumzika na kupona, na hadithi hiyo peke yake haitoshi kuhukumu kimoja kati ya hivyo vinne.

Kinachovitenganisha ni dakika chache zinazofuata kuzima, kabla ya vitu kupoa. Dakika hizo ni za thamani kuliko siku nzima ya vipimo vya gereji, na ni jambo la kusikitisha kwamba mara nyingi hupotea dereva akimngoja fundi au akijaribu kuwasha mara kwa mara hadi betri ikachoka. Kipima cheche cha bei ndogo kikiwa ndani ya gari, pamoja na geji ya presha iliyokwisha kuunganishwa, swali hujibiwa hapohapo: starta ikizungushwa, ama cheche ipo na presha haipo, ama presha ipo na cheche haipo. Vikiwepo vyote viwili, fundi ageuke kutazama kama nozeli zinapata amri. Iwapo haiwezekani kuwa na fundi barabarani, masharti yaletwe gereji; koili na igniter hupashwa moto kwa kikaushio cha nywele injini ikiwa inaunguruma, nyaya hutikiswa moja moja, relei hugongwagongwa kwa mpini wa bisibisi, na kile kinachoizima injini kikiguswa hujitaja chenyewe.

Kompyuta ya gari ni shahidi mwingine, na ushahidi wake huharibiwa na haraka. Mtu anayechomoa waya wa betri ili kulitibu gari hufuta kumbukumbu ya hitilafu ambayo ingeweza kumwongoza. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani kuanzia toleo la 1996, na ya Umoja wa Ulaya kuanzia mwaka 2000 kwa aina mpya na 2001 kwa magari yote mapya, yalilazimishwa kuwa na soketi moja ya mfumo wa pamoja, lakini magari yaliyouzwa Japani miaka ya 1990 hayakuwa chini ya sheria hizo, na mashine nyingi za kupimia gari kwa kompyuta hushindwa kuyasoma. Hilo lisiwe sababu ya kukata tamaa. Chini ya boneti ya Corolla hizo kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye vishimo vilivyotajwa kwa herufi. Kishimo TE1 kikiunganishwa na E1 kwa kipande cha waya swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kumetameta kwa hesabu ya tarakimu mbili. Namba 12 huhusu kukosekana kwa alama ya mzunguko wa injini kutoka kwenye distribyuta, 14 huhusu alama ya igniter, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya vakyumu, na 41 ni sensa ya kipepeo cha hewa kinachofunguliwa na pedeli. Taa ikimetameta mfululizo kwa mwendo mmoja bila kupumzika, kumbukumbu ni tupu. Namba iliyopatikana haisemi kwamba sensa yenyewe imekufa, kwa sababu waya au soketi iliyolegea hutoa namba hiyohiyo, na ni vyema kuvikagua kabla ya kwenda dukani.

Njia ya moshi husahauliwa mno. Ndani ya chombo cha kusafishia moshi, ambacho watu wengi hukijua kwa jina la masega, mna kauri yenye vijitundu vingi vyembamba, nayo huyeyuka na kuziba iwapo injini imekuwa ikimisi kwa muda mrefu na kupeleka petroli isiyoungua kuunguzwa humo. Kauri iliyovunjika vipande huweza kugeuka ndani ya chombo, ikaziba leo na kufungua kesho, na ndiyo maana hitilafu hiyo huingia katika fungu la zile za vipindi. Kipimo chake ni geji ya vakyumu iliyounganishwa kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Injini nzima katika usawa wa bahari husoma takriban sentimita 43 hadi 53 za zebaki ikiwa sailensa, na usomaji hupungua kwa kama sentimita 2.5 kwa kila mita 300 za kupanda, hesabu ambayo fundi wa Nairobi, Arusha au Mbeya hana budi kuikumbuka asije akaihukumu injini nzima kuwa mbovu. Mizunguko ikipandishwa hadi 2,500 kwa dakika na kushikiliwa hapo, vakyumu inapaswa kutulia. Ikiendelea kushuka polepole, moshi hauna pa kutokea. Kulitoboa au kuling'oa sega huondoa kizuizi, lakini huacha kumisi kulikosababisha uharibifu kukiendelea, tena huongeza sumu katika hewa inayovutwa na watembea kwa miguu.

Upande wa hewa hauchukui muda mrefu: chujio la hewa lililojaa vumbi, mpira wa hewa wenye ufa unaofunguka injini inapoegemea upande mmoja kwa mzigo, na waya wa pedeli uliolegea usiofungua kipepeo hadi mwisho. Vyote vitatu huonekana kwa macho.

Kifaa kinachoshukiwa kikishabadilishwa, ukarabati haujathibitishwa mpaka gari lirudishwe katika masharti yaleyale yaliyoandikwa daftarini, saa ileile ya joto, tangi likiwa na kiasi kilekile, mlima uleule, geji ikiwa bado imefungwa. Kibadilishwe kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu vitano vikibadilishwa kwa pamoja na gari likapona, hakuna atakayejua kilichokuwa kibovu, na vile vinne vizima vitakuwa vimelipiwa bure. Kifaa cha zamani kiwekwe pembeni kikiwa na kibandiko cha tarehe. Hitilafu ikijitokeza tena, kirudishwe mahali pake, kipya kirejeshwe dukani ikiwa duka linakubali, na uchunguzi uendelee kuanzia pale vipimo vilipoishia.